Nikianza mwaka wangu Machi badala ya Januari, najidanganya?

Binti Pangani (Glasgow), 11 Machi 2025

Asalaam aleikum jamani, na salamu kwa wote. Waliofunga, Mungu atupokelee.

Niko Glasgow, na baridi hii inayoisha ni ya tatu kwangu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, zamu ya usiku, naingia saa mbili usiku natoka saa mbili asubuhi. Kwa asiyejua hali ya huku: mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi na linazama kabla ya saa kumi jioni. Ni saa saba tu za mwanga, na mara nyingi mwanga wenyewe una rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Natoka kazini giza, nalala mchana wote, naamka giza limesharudi. Kuna wiki nzima ya Desemba sikumbuki kuliona jua hata mara moja.

Tarehe 1 Januari nikajikaza. Nilinunua daftari la jalada jekundu, nikaandika malengo kumi. Nitafanya mtihani wa nadharia wa leseni ya gari. Nitajiandikisha chuo nianze masomo ya kuelekea uuguzi. Nitaezeka chumba cha mama Pangani. Nitaacha soda. Nitamaliza juzuu nne kabla ya Ramadhani. Nitatembea nusu saa kila siku. Na mengine, mpaka yakatimia kumi.

Katikati ya Februari hakuna hata moja lililokuwa limeanza. Kitabu cha maswali ya barabarani kilikuwa chini ya kitanda. Nikirudi navua viatu mlangoni, najitupa kitandani na sweta yangu. Nikajiita mvivu. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kupika vitumbua vya kuuza stendi, na sijawahi kumsikia akisema amechoka, kwa hiyo neno hilo kwangu lina uzito. Dada yangu aliyeko Dar alishaniambia tangu Novemba kwamba Ulaya imenilegeza. Tulijibizana vibaya na mpaka leo hatuongei.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Juzi Jumapili nilitoka zamu nikakuta kumeshakucha kabisa. Nikasimama kituo cha basi. Nyuma ya benchi pana kipande cha majani, kilikuwa cheupe kwa sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, na katikati ya ule weupe yamechomoza maua madogo ya zambarau, yale ya jamii ya zafarani, mafupi kuliko kidole changu. Nikainama kuyatazama. Yalikuwa bado yamefumba. Moja lilikuwa limetoboa jani kavu lililooza tangu mwaka jana na kutokea juu, jani limebaki limelizunguka shingoni kama kola ya shati. Nililia pale pale. Mzee mmoja wa Kizungu akaniuliza kama niko salama, nikamwonyesha yale maua kwa kidole, maneno yalikuwa hayatoki.

Tangu siku hiyo kuna kitu kimefunguka. Nakiona hata kwenye futari: siku ya kwanza ya mfungo tulifuturu kabla ya saa kumi na mbili jioni, sasa kila siku adhana inasogea dakika mbili mbele. Jana nimekitoa kitabu chini ya kitanda, nimekifuta vumbi. Nataka kuanza upya, nataka kweli. Lakini naogopa nisije nikarudia yale yale ya Januari. Rafiki ninayeishi naye anasema mwaka ni Januari, ukishindwa ngoja mwakani, kuhamisha tarehe ni kujidanganya.

Kuna yeyote kati yenu anayeupanga mwaka wake wakati huu, machipuko yanapoingia? Unaanzia wapi? Na ukishaanza, unafanyaje mpaka Aprili mambo yasiwe yamelala tena?

Dereva wa Leicester, 11 Machi 2025

Dada, pole ya baridi na hongera ya maua.

Mimi mtu wa Kondoa, niko Leicester mwaka wa tisa, naendesha basi la abiria. Nitakujibu kwa habari za shamba maana huko ndiko nilikofundishwa jambo hili, tena kwa hasara.

Halmashauri za miji huku hukodisha viwanja vidogo vya kulima kwa wakazi. Kiwanja kizima kwa kipimo chao cha kale ni rodi kumi, kama mita za mraba 250 hivi. Mimi nina nusu, nilikipata mwanzoni mwa 2021. Machi ile jua lilitoka siku sita mfululizo. Nikavua koti, nikasema baridi kwaheri. Nilikuwa na miche 24 ya nyanya niliyoiotesha dirishani, nikaipeleka yote shambani wiki ya kwanza ya Aprili. Usiku wa pili sakitu ikaanguka (Aprili ya 2021 Uingereza ilikuwa na sakitu kuliko Aprili nyingine yoyote kwa miaka mingi, lakini hilo nililijua baadaye). Asubuhi nikakuta miche yote imelala, majani meusi, yamenywea kama mchicha uliochemshwa ukasahauliwa jikoni. Nikakaa juu ya ndoo nikaitazama.

Jirani yangu wa kiwanja ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja. Alikuja 1972, Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, na wengi wao wakafanya makazi hapa Leicester. Kiswahili chake ni cha dukani cha zamani na anakipenda kama mtu anavyopenda picha ya mama yake. Akaja na kikombe cha chai, akanishika bega: "Machi nadanganya wewe, kijana. Weka viazi. Nyanya ngoja kwanza."

Dada, kazi zote mbili ni za machipuko, ila hazifanani. Kiazi cha mapema unakiweka dirishani kwenye trei ya mayai kitoe macho, kisha mwisho wa Machi unakifukia. Kiko chini, sakitu inapita juu yake. Nyanya nayo mbegu yake unaipanda Machi hii hii, lakini ndani ya nyumba, na nje haitoki mpaka Mei imekwisha. Nilipoisoma orodha yako niliona viazi na nyanya umevitia shimo moja. Mtihani wa nadharia ni kiazi: maswali 50, unatakiwa upate 43, na zile video za kutambua hatari, ada pauni 23, kitabu unacho, na humngojei mtu akupe ruhusa. Fukia sasa. Chuo na bati za mama ni nyanya. Vinategemea pesa, fundi, vyeti kutoka nyumbani, barua za ofisini. Vioteshe ndani: uliza bei ya bati, omba cheti chako kitafutwe, piga simu chuoni waulize maombi yanafungwa lini. Kazi ya Machi kwa hivyo viwili ni hiyo tu, na usijilaumu kwamba havijazaa.

Halafu kuna kitunguu saumu. Hapa naomba unisikilize.

Saumu mimi naifukia Novemba. Kila mgeni kutoka nyumbani akisikia hivyo anashangaa, unafukia kitu ardhi inapoanza kuganda? Inakaa chini huko miezi, juu huoni kitu, au unaona kijani kidogo kama unyasi umesimama tu hauendelei. Lakini saumu isipopata wiki kadhaa za baridi kali haigawanyiki. Inavimba inakuwa donge moja lisilo na punje. Ni ile baridi ndiyo inayoigawa. Nimeshaona kwa macho yangu, nilipochelewa mwaka mmoja nikaipanda mwisho wa Machi, nikavuna madonge.

Kwa hiyo kabla hujaandika lolote jipya kwenye daftari lako jekundu, angalia majira haya ya baridi unayosema hukufanya kitu. Mtu hawezi kushika zamu za usiku miezi minne gizani, akageuza wazee wa watu kitandani wasipate vidonda, akatuma hela nyumbani, kisha aseme hakufanya kitu. Kuna kitu kilikuwa chini ya udongo. Mimi siwezi kukijua, wewe utakijua.

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Machi isiyo na mvua, naenda shambani bila jembe. Naliacha nyumbani makusudi, maana nikiwa nalo mkononi nitaanza kulima kabla sijatazama. Nazunguka na kalamu naandika kilichokufa, kilichopona na kilichoota chenyewe. Nikimaliza naingia kibandani nafanya vile vile kwa maisha yangu. Machi 2022 nilikuwa bado napakia mizigo ghalani. Niliandika kiazi kimoja, leseni ya basi. Nyanya ilikuwa kumleta mke wangu na watoto. Leseni niliipata mwaka ule ule, mshahara ukabadilika. Nyanya ikakaa dirishani miaka miwili, na kuna siku nilitaka kuitupa. Maombi yao niliyatuma Machi 2024, na tarehe 11 Aprili kima cha kipato cha kumleta mwenzi kikapandishwa kutoka pauni 18,600 hadi 29,000. Kama nisingefukia kile kiazi mapema, sakitu ile ingenikuta nje. Sasa wako hapa. Binti yangu ndiye anayepanga viazi kwenye trei, macho yakitazama juu, na hakubali mtu mwingine aviguse.

Huna kiwanja? Chukua ndoo, itoboe chini matundu matano sita, weka udongo robo, kiazi kimoja, udongo juu. Jani likichomoza ulifunike tena udongo, hivyo hivyo mpaka ndoo ijae. Nakwambia hivi kwa sababu asubuhi unapotoka zamu ni vizuri pawe na kitu mlangoni kinachokungoja.

Na huyo rafiki yako mwambie mwaka wa kodi wa nchi hii unaanza tarehe 6 Aprili. Aangalie karatasi yake ya mshahara.

Nesi Mkenya, Birmingham, 12 Machi 2025

Mrembo, mimi nitasema kidogo tu maana niko kazini. Kabla hujajiita mvivu tena, uangalie mwili. Huku tunashauriwa kumeza vitamini D maikrogramu 10 kila siku majira ya vuli na baridi, kwa sababu jua la huku lina nguvu ya kutosha kuutengenezea mwili vitamini hiyo kuanzia mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili mpaka Septemba hivi tu, na sisi wenye ngozi nyeusi inafaa kumeza mwaka mzima. Wewe umefanya kazi usiku baridi tatu. Omba upimwe damu.

Na ile hali ya kuzama kila giza linapoingia na kuinuka mwanga ukirudi ni ugonjwa unaojulikana. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliueleza mwaka 1984. Hauondoki kwa kukemewa na dada wala kwa kujikemea. Furahia machipuko, panga mipango yako, lakini andika pia kwenye hilo daftari: Oktoba, kumwona daktari. Usingoje mpaka Februari ukiwa umelala na sweta.

Siku zako za mapumziko utoke nje asubuhi hata kukiwa na mawingu. Ile nusu saa ya kila siku uiache mpaka Idi, mfungo na zamu ya usiku vinatosha.

Mwalimu Mstaafu, Makunduchi, 13 Machi 2025

Mwanangu Binti Pangani, nimekusoma baada ya daku na nimekuombea. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na miwili, kwa hiyo mnivumilie, mkono bado unatafuta chaki.

Rafiki yako amesema mwaka ni Januari. Mwulize Septemba maana yake nini. Ni mwezi wa saba kwa Kilatini, na Desemba ni wa kumi, kwa sababu Warumi wa kale walianza kuhesabu Machi. England walikuwa wakibadilisha mwaka tarehe 25 Machi mpaka 1752. Mwaka huo walifuta siku 11 katika kalenda na kuanzia hapo mwaka wao ukaanza Januari, lakini kodi ikabaki kwenye siku yake ya zamani, ikasogezwa siku hizo 11: hesabu iliyokuwa ikifungwa 25 Machi ikafungwa 5 Aprili, na mwaka wa kodi ukaanza kesho yake, ndiyo tarehe 6 Aprili anayoisema huyo kijana wa basi. Huko Scotland unakokaa wewe waliwatangulia, walihamia Januari tangu 1600.

Na sisi? Sisi Waswahili mwezi unaofuata Ramadhani tunauita Mfungo Mosi. Wa kwanza! Bibi zetu walihesabu kutoka Idi. Na hapa kwetu Makunduchi tuna mwaka mwingine tena, Nairuzi, jina lile lile la Wairani. Wao Nairuzi yao imeshikamana na siku jua linapokuwa juu ya ikweta, tarehe 20 au 21 Machi, machipuko yanapoingia kwao, na kabla yake nyumba hufagiwa mpaka chini ya mazulia. Yetu ina siku 365 kamili bila siku ya mwaka mrefu, basi kila miaka minne inarudi nyuma siku moja, na sasa tunaioga Julai. Watu huja kutoka mbali kutazama wanaume wakichapana kwa mashina ya migomba na kibanda cha makuti kikichomwa. Wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nilizaliwa ndani yake, nakuambia maana yake ni moja: mwaka haukuingii ukiwa na kinyongo. Unachapwa, unachapa, yanakwisha, ndipo unakwenda kuoga baharini. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kukaa siku hiyo akaandika mambo kumi atakayoyafanya. Tunaanza kwa kuondoa.

Nikupe jambo moja la baba yangu. Alikuwa na mashua. Bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, jua likiwa juu ya ikweta, wewe umezaliwa Pangani unayajua maji hayo. Bamvua ya Machi ilikuwa inakutana na mwisho wa kaskazi, kusi bado haijashika, upepo wa malelezi usioaminika. Baba alikuwa hasafiri. Maji yakijaa anaisukuma mashua juu kabisa, yakitoka inabaki kavu imeegemea magogo. Hapo tunaitwa watoto wote. Tunakwangua. Magamba yaliyoganda kwenye mbao ni makali, mikono yangu ilikuwa na mikwaruzo mpaka kwenye viwiko. Kisha fundi anapita na pamba iliyolowekwa mafuta, anaishindilia kwenye nyufa kwa patasi na nyundo, tok tok tok, ndiyo kalafati. Chini tunapaka deheni kwa viganja, chokaa iliyokandwa na mafuta ya mnyama, ubavuni sifa, mafuta ya papa, harufu yake huitoi nguoni kwa wiki. Kazi yote ina saa chache, maana maji yanarudi.

Siku moja nilimwuliza kwa nini hapaki sifa kwanza, ndiyo inayong'aa. Akachukua mkono wangu akaupitisha kwenye ubavu wa mashua pale tulipokuwa hatujakwangua. Hakusema kitu. Niliyasikia yale magamba na nikaendelea kukwangua.

Januari wewe ulipaka sifa juu ya magamba, mwanangu. Gamba moja nimeliona katika maandishi yako, umelitaja kwa mstari mmoja ukapita. Umesema dada yako hamuongei tangu Novemba. Huwezi kubeba hilo kila usiku ukaja kushangaa kwamba kitabu kimekushinda. Idi inakuja. Mpigie wewe. Usingoje aanze yeye kwa sababu ni mkubwa.

Na malengo kumi ni mengi, nimekuwa nikiwaambia wanafunzi hivyo maisha yangu yote. Matatu.

Binti Pangani, 14 Machi 2025

Shikamoo mwalimu. Nimesoma hapo pa magamba nikafunga simu, nikarudi tena baadaye. Nimesikia.

Kaka wa Leicester, ndoo nimepata, ni ya rangi ya ukutani nimeiosha. Nimeweka viazi vinne kwenye trei ya mayai dirishani. Bado havijatoa kitu.

Dada nesi, nimepata nafasi ya kupimwa damu Jumatano. Ahsante.

Binti Pangani, 26 Aprili 2025

Nimerudi kama nilivyoahidi moyoni kwamba nikifika mwisho wa Aprili nitawaeleza, iwe nzuri au mbaya.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Machi nilikuwa zamu. Saa saba ya usiku saa zikarukishwa zikawa saa nane, tukafanya saa kumi na moja badala ya kumi na mbili. Sisi tuliswali Idi Jumapili ile ile. Nilitoka kazini moja kwa moja na nguo zangu kwenye mfuko, na nikiwa kwenye foleni ya wanawake kusubiri mlango ufunguliwe nikampigia dada. Simu ililia sana. Alipopokea hakusema kitu na mimi sikusema kitu, nikasikia jiko la mafuta likivuma nyuma yake na watoto. Nikamwambia, dada, mimi nilikuwa naumwa kule, sikuwa nimelegea, sikujua jinsi ya kukueleza. Akasema, "Na mimi nilikuwa naogopa, ulikuwa unaongea kama mtu aliye mbali sana." Tumelia. Halafu akaniuliza biriani atie viazi au asitie, kama zamani.

Majibu ya damu: vitamini D yangu ilikuwa chini sana, napewa dozi.

Mwalimu, nimebakiza matatu. Mengine saba nimeyapigia mstari, na mstari wa soda nimeupiga kwa shida.

Mtihani wa nadharia nimefanya Jumanne iliyopita. 46 kati ya 50, na zile video 58 kati ya 75. Nilikuwa nasoma kurasa nne kabla ya kulala, basi, sikuzidisha hata siku nilizokuwa na hamu ya kuzidisha. Bati za mama fundi ameshapima, ni 28, nimeanza kuweka. Chuoni nimepigiwa simu ya mahojiano mwezi ujao.

Sasa kile kitunguu saumu cha kaka wa Leicester. Nililifikiria swali hilo wiki mbili nzima. Kazini kuna bibi wa miaka tisini na kitu, halali usiku. Majira yote ya baridi, kila usiku karibu saa tisa, nilikuwa nampelekea chai nakaa naye kwa sababu ukimwacha peke yake anaogopa. Anaongea Kiingereza cha Glasgow cha ndani kabisa, baridi ya kwanza sikuwa nashika hata neno moja, nilikuwa naitikia kwa kichwa tu. Mwezi huu ameajiriwa msichana mpya kutoka Ghana, Kiingereza chake kizuri kuliko changu, akawa hamwelewi bibi. Mimi nikawa namfasiria. Nilikuwa katikati ya kufasiri nikanyamaza, nikasema kimoyomoyo, ndiyo hii. Ilikuwa chini ya udongo miaka mitatu. Ni hii nitakayoingia nayo kwenye mahojiano.

Kiazi cha ndoo kimetoka jana. Jani moja, limekunjamana kama ngumi ya mtoto mchanga, kijani karibu na cheusi, lina punje ya udongo juu yake. Kaka, ulisema nilifunike. Nilifunike lote au niache ncha?

Dereva wa Leicester, 26 Aprili 2025

Hongera sana, 46! Binti yangu nimemsomea hiyo ya kiazi, anakusalimu.

Acha ncha ionekane. Na huko kwenu bado usiku una sakitu, hasa mbingu zikiwa wazi. Ukienda zamu, weka gazeti juu ya ndoo, lishike kwa jiwe. Asubuhi ulitoe.